Mwaka wa Kupiga Seva

Tulimzika Murhula Jumamosi iliyopita. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na waliobeba jeneza walishuka mteremko upande upande, polepole, kama watu wanaohamisha kabati. Kijana mmoja wa parokia alisoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi iliyolowa: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alioa, alifundisha hesabu miaka mingi. Kuhusu mwaka ninaotaka kuusimulia alisema hivi tu: "Pia alifanya kazi kidogo katika kituo kimoja cha habari." Kidogo. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeshtuka kwa neno lile. Hakuna. Wengi waliokuwa pale walikuwa wanafunzi wake, na mwaka ule hawakuwa hata wamezaliwa. Mkurugenzi wetu wa zamani, ambaye tulimwita Papa Directeur na bado anaitwa hivyo mjini, hakuja; alituma shada la maua ya plastiki lenye utepe wa zambarau, na jina lake juu ya utepe lilikuwa kubwa kuliko jina la marehemu. Nimefika umri ambao hasira inapaswa kuwa imepoa. Yangu haijapoa. Nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa, bila kuanzia kwa wazazi wangu wala shule nilizosoma, maana hayo hayahusiki.

Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi. Nyumbani tuliwaita hivyo, waasi. Barabarani tuliwaita wakubwa. Kituo chetu kilikuwa katika nyumba ya zamani ya Mbelgiji mmoja, juu ya ziwa, nyumba yenye sebule pana zilizokuwa zimegawanywa kwa mbao za triplex ili kila mtu apate kiofisi chake. Kuta zile hazikufika darini. Mtu akipiga chafya kwa mhasibu, karani wa upande wa pili alimwambia pole. Chumba chetu, mimi na Murhula, ndicho pekee kilichokuwa na kuta za kweli, kwa sababu kilikuwa jiko. Sinki la Mbelgiji lilikuwa bado pale, na vigae vyeupe, na harufu ya mafuta ya zamani ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuiondoa. Juu ya meza ya saruji, mahali ambapo mpishi fulani aliwahi kukatia nyama, ndipo ilipokaa seva yetu, mashine moja ya kijivu yenye feni iliyolia kama mtu mwenye pumu. Waya wake ulitoka dirishani ukapanda mpaka kwenye parabole, dishi la setilaiti, iliyokuwa juu ya paa, ikitazama mbinguni, na nyuma ya parabole kulikuwa na ziwa. Umeme ulipokatika tulikimbia kuwasha jenereta, na mimi niliyekuwa na miguu mirefu nilifika kwanza.

Kazi ya kituo ilikuwa kuweka kwenye intaneti habari za mkoa za kila siku. Barabara ya Luvungi inapitika au haipitiki. Waliokimbia kutoka mlima fulani wamelala katika shule gani. Hospitali ya Katana imeishiwa dawa ipi. Wauguzi, walimu na masista walitutumia habari kwa phonie, redio ya parokia, au walimkaririsha dereva wa lori maneno. Sisi tuliyaandika na kuyaweka. Watu wetu waliokuwa ng'ambo walisoma kabla hawajanywa kahawa, na mashirika yalisoma kabla hayajatuma gari. Taabu ilikuwa moja: mashine yetu iliutengeneza upya kila ukurasa kwa kila aliyeuomba. Wakiuliza watu mia barabara ya Luvungi ikoje, ilikwenda ghalani mara mia, ikachambua na kupanga mara mia, ikarudi na jibu lile lile. Siku za amani haikuwa shida. Lakini milio ya risasi ikisikika popote, Kivu nzima iliyotawanyika duniani ilifungua ukurasa wetu kwa pamoja, na mashine ikakata pumzi saa ile ile tuliyoihitaji.

Murhula ndiye aliyesema kuna dawa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mashati yaliyopigwa pasi kwa ukali, mwenye sauti kubwa isiyojua chumba ni kidogo, na alikuwa mtu wa kupima. Aliwahi kupika maharage nyumbani kwao, chungu kimoja na chumvi tangu mwanzo na kingine bila, ili amalize ubishi wa yaya, yaani dada yake mkubwa, na jirani. Dawa yake ilikuwa hii: kuweka mashine nyingine mbele ya seva. Wafaransa wanaiita proxy inverse. Sisi tuliiita ya mbele. Maombi yote yanafika kwake kwanza. Swali likiwa limeulizwa muda mfupi uliopita, inalo jibu tayari, inalitoa yenyewe. Likiwa jipya tu ndipo inageuka na kuuliza ya nyuma. Wafadhili wa Ulaya walikubali kununua mashine hiyo, lakini walitaka kwanza kuona vipimo: seva peke yake inabeba watu wangapi, na ikiwekewa ya mbele inabeba wangapi. Papa Directeur alikuja mwenyewe jikoni kwetu, akasimama karibu na sinki na mikono nyuma. "Mupime," alisema. "Mupime vizuri. Hii mashine ikikuja, jina la kituo litafika mbali." Nayasikia maneno hayo mpaka leo, na nakumbuka alikuwa amevaa suti ya kaki na kola yake ilikuwa imegeuka upande mmoja, na mimi nikataka kumrekebisha kama mtoto anavyomrekebisha baba.

Alhamisi tulikwenda kula mtaa wa Nyawera, kwa Maman Riziki, chumba chenye meza nne na pazia badala ya mlango. Siku hiyo kulikuwa na dagaa wa ziwani, sambaza, waliokaangwa, mchicha wa lengalenga na foufou, ugali wa muhogo. Murhula alikula sambaza kwa kuanzia kichwa na alizungumza huku anakula, mikono yote miwili hewani. Ni lazima niseme, kwa wasiojua Kifaransa, kwamba mashine ile tuliiita serveur, na serveur ni pia mtu anayekuletea chakula mezani.

"Kesho tunamupiga," alisema. "Pole pole kwanza, kisha tunaongeza nguvu, tunaongeza tena. Serveur ataanguka tu, hana namna."

"Na akianguka?"

"Akianguka, Jumamosi tunaweka mwengine mbele yake, tunapiga tena. Wale ba inje hawatajua ni nani iko nyuma."

Dieudo, aliyekuwa anatuhudumia, alisimama na jagi la maji mkononi. "Chef, mi nimekukosea nini? Juu ya pilipili niliyosahau tu ndiyo unataka kunipiga mpaka nianguke?"

Tulicheka wote. Maman Riziki alicheka jikoni. Murhula alicheka mpaka akakohoa foufou. Kwenye meza ya karibu na pazia walikuwapo wanaume wawili wenye majaketi ya ngozi licha ya joto lile la mchana, na redio ndogo ya mkononi imelazwa kando ya sahani. Hao hawakucheka. Niliwaona. Kila mtu katika Bukavu ya mwaka ule aliwaona watu kama wale, na hiyo ndiyo sababu hakuna aliyewatazama.

Ijumaa mchana, baada ya wengine kurudi nyumbani, tulipiga. Tuliunganisha kompyuta ya mhasibu na seva kwa waya, Murhula akaandika amri, na kompyuta ile moja ikaanza kujifanya watu wengi. Ilijifanya watu kumi, wote wanauliza kwa wakati mmoja. Mashine ikajibu bila neno. Ishirini, feni ikaanza kulia. Murhula alitazama saa na mimi niliandika. Thelathini, na majibu yakaanza kuchelewa kama watu wanaopanda mlima wa Kadutu na mzigo. Kwenye hamsini mashine ilinyamaza. Haikutoa hata kosa; ilinyamaza tu, taa inawaka, kama mzee aliyechoshwa na maswali. Tulirudia, ikanyamaza pale pale. Murhula alisugua mikono kwa furaha, maana kipimo kinachorudi sawasawa ni kipimo. "Unaona?" alisema. "Iko kweli kabisa. Kesho tunaona ya mbele." Alifunika kompyuta ya mhasibu kwa kitambaa, akafunga dirisha, na tukanywa chai ya mwisho tumeketi juu ya ukingo wa sinki, tukilitazama ziwa lililokuwa limetulia kama si la nchi hii. Nimekuwa na mchana mwingi mzuri tangu siku ile. Sijui kwa nini ule ndio unaonirudia.

Jioni hiyo hiyo ya Ijumaa, watu wa msituni, waliopigana na wakubwa, waliishambulia kambi yao moja kwenye njia ya Katana. Habari ilifika mjini kabla ya wale waliokimbia kufika. Mimi niliisikia nikafikiria seva tu: kesho watu watafungua ukurasa kwa wingi. Haikunijia kabisa kwamba kulikuwa na wanaume wawili waliosikia kijana mwenye sauti kubwa akisema kesho tunapiga, ataanguka, Jumamosi tunaweka mwingine mbele, tunapiga tena.

Jumamosi nilipofika kituoni walikuwa wanamtoa. Murhula alitembea katikati ya watu watatu, waya wa kompyuta bado umeviringishwa begani mwake kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kuutua. Shati lake lilikuwa limetoka ndani ya suruali. Aliniona, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayekwenda sokoni: "Nabintu, umuambie yaya nitachelewa."

Jumatatu, kupitia ukuta wa triplex, nilimsikia Papa Directeur akizungumza kwenye simu. Karani alikuwa anapiga taipu, akaacha. Mhasibu aliacha kuhesabu. Nyumba nzima ilisikiliza.

"Ndiyo, mon commandant. Hapana, hapana, huyo si agent wetu, si mfanyakazi. Ni stagiaire, alikuja kujifunza tu. Mambo ya kupiga serveur mi sijue. Hapana, mimi sikutoa ruhusa. Mutafute kwao, huko Cimpunda."

Stagiaire! Murhula alikuwa na mkataba, alikuwa na mwaka wa pili pale, alikuwa ameipandisha parabole ile juu ya paa kwa mikono yake. Nilikwenda kwenye ofisi ya Papa Directeur bila kubisha hodi. Alikuwa anafuta miwani.

"Papa Directeur, ni wewe ulituambia tupime."

"Funga mulango, mwanangu."

"Hata nikifunga watasikia. Uende umueleze yule commandant. Neno lako moja tu. Useme ni mashine, ni yetu, ni wewe ulitutuma."

Alivaa miwani, akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo siwezi kuisamehe, kwa sababu ilikuwa ya kweli. "Nabintu, sikia. Mimi nikienda kule, ni kituo kinaenda. Watauliza habari zinatoka wapi, nani anatutumia, juu ya nini tunaandika watu wamekimbia. Watafunga hii nyumba, na watu wote muko hapa mutakula nini? Lakini wewe ukienda, ni rafiki tu anaenda kuuliza rafiki. Wewe unaweza kumueleza hata kuliko mimi."

Nimewasikia watu wengi wenye elimu wakipanga woga wao vizuri, lakini sijasikia uliopangwa vizuri kama ule. Na alikuwa na ukweli nusu. Hilo ndilo linalochoma. Kituo hakikufungwa.

Nilipitia kwanza Cimpunda, kwa Zawadi, dada yake Murhula, ambaye sote tulimwita yaya. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imeshikilia mteremko kwa nguvu zake zote, mlango wake juu ya bati la jirani wa chini. Zawadi alikuwa anapika chakula cha kupeleka. Alisonga foufou, akaifunga kwa jani la mgomba, akaweka samaki mkubwa juu ya mchuzi katika sufuria ndogo yenye kifuniko. Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Wanasema mudogo wangu alipiga nani?"

"Mashine, yaya."

"Mashine ya nani?"

"Yetu. Ya kituo."

"Aliipiga juu ya nini?"

"Kujua inaweza kubeba watu wangapi."

Zawadi aliweka mwiko chini akaanza kucheka. Alicheka akishika nguzo ya jiko, akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko, na mimi nilimshika mabega na moshi ukatuingia sote wawili. Tulikwenda pamoja. Kwenye lango la nyumba walikomfungia, askari alifunua sufuria, akamla samaki mbele yetu, polepole, akitema miiba chini, kisha akairudisha sufuria yenye mchuzi. "Hii ndiyo atakula," alisema kwa Kilingala, na mwenzake akatafsiri ingawa tulikuwa tumeelewa. Zawadi alisema asante. Siku zote alizopeleka chakula pale, na zilikuwa nyingi, alisema asante, na kuanzia siku ya pili alipika samaki wawili.

Mimi waliniingiza ndani kwa commandant. Nilitegemea mtu mkali, nikamkuta mtu mpole. Ofisi yake ilikuwa chumba cha kulala cha nyumba ya tajiri aliyekimbia, karatasi za ukutani zenye maua, na yeye ameketi nyuma ya meza ya vipodozi, kioo kimempa mgongo. Alikuwa amesoma. Alizungumza Kifaransa safi na Kiswahili cha kwetu, akanipa kiti, akaniuliza kama nimekula.

"Mademoiselle, unifasirie. Huyu rafiki yako ananiambia maneno ya mashine, mimi si fundi. Mulitaka kumuangusha nani?"

Nikamfasiria. Nilikuwa na miaka michache kupita ishirini na niliamini kwamba mtu akielewa ataacha. Nikamwambia afikirie hospitali. Daktari yuko mmoja, chumba cha ndani. Wagonjwa wakiingia wote kwake, ataanguka kwa uchovu. Kwa hiyo tunaweka muuguzi mlangoni. Anayeuliza kliniki inafunguliwa siku gani, muuguzi anamjibu. Anayeuliza dawa ya minyoo ipo, muuguzi anajua, ameulizwa asubuhi. Mwenye jambo jipya tu ndiye anayepelekewa swali lake kwa daktari, na jibu linarudi kwa mkono wa muuguzi. Nikamwambia tulikuwa tunapima daktari peke yake, halafu daktari na muuguzi. Basi.

Alisikiliza vizuri. Hajawahi mtu kunisikiliza vile.

"Kwa hiyo mugonjwa hamuone daktari."

"Hamuone."

"Anaona muuguzi tu. Anafikiri muuguzi ndiye anajua."

"Ndiyo, lakini hiyo ni sawa, jibu ni lile lile."

"Na mutu akitaka kumupiga daktari, atapiga muuguzi."

Nikatazama maua ya ukutani.

"Nimeelewa," alisema. "Ya kambi tuache, ninaona hamukujua kitu. Hata mimi nafikiri wale vijana wangu walisikia vibaya." Moyo wangu ulipanda. Akaegemea mbele. "Sasa uniambie. Ninyi munaandika kila siku: watu wamekimbia hapa, askari wamefanya hivi kule. Directeur wako anasema hajui kitu. Rafiki yako ni muuguzi wa mulangoni. Daktari ni nani? Huko Katana, huko Luvungi, nani anawaambia haya maneno?"

Nikasema watu wanapiga phonie tu, hawatoi majina. Alitabasamu, akainuka kunifungulia mlango kwa adabu kama ya mchumba. "Asante, mademoiselle. Umenisaidia."

Hawakumwachia. Juma lilipita, na jingine. Zawadi alipeleka chakula, mimi nilipeleka chakula siku alizougua. Kituoni watu walishusha sauti, na kwenye korido mtu akilitaja jina la Murhula mwingine aliuliza kama kuna umeme. Papa Directeur alianzisha sala ya pamoja kila asubuhi, akiomba kwa ajili ya "wote walio katika magumu". Kisha wafadhili wakauliza vipimo viko wapi. Alinikuta jikoni.

"Mulibakia na nusu tu, si ndiyo?"

"Tulibakia na nusu, Papa."

"Basi maliza. Hata yeye angependa."

Nilimaliza. Ilikuwa kazi yetu, na nilitaka iwe kamili siku atakapotoka. Nilichukua kompyuta kuukuu ya karani nikaiweka mbele ya seva kama Murhula alivyokuwa amepanga, nikaunganisha ile ya mhasibu, nikaandika amri ile ile. Kumi. Ishirini. Hamsini, mahali ambapo siku ile ilinyamaza, na haikunyamaza; feni ya nyuma haikulia hata kidogo, kwa sababu ya nyuma haikuulizwa karibu kitu. Mia. Mia mbili. Nilikaa peke yangu kwenye kiti chake nikiongeza watu wa uongo, nikaona kwamba sitaki ibebe. Nilitaka ianguke. Nilitaka kitu chochote katika mji ule kipigwe kianguke mbele ya macho ya watu na kisemwe kimeanguka. Ilibeba mia tano na zaidi, kompyuta kuukuu ile, bila kutetemeka, na nikaandika.

Ripoti ilikwenda Ulaya na jina la Papa Directeur peke yake. Walijibu kwa sifa. Mashine mpya ilifika kwa ndege ndogo, ndani ya boksi lenye sponji nyeupe, na tulipiga picha nayo, wote, mbele ya sinki. Katika picha hiyo mimi ninatazama pembeni.

Murhula aliachiwa bila sababu, kama alivyoshikwa. Yule mpole alihamishiwa kwingine, na aliyemrithi hakutaka kulisha watu ambao hajui kesi yao, akafungua vyumba. Murhula alitembea mwenyewe mpaka Cimpunda. Nilikwenda kumwona, nikamkuta ameketi nje kwenye kigoda, uso kwenye jua, amenyolewa. Zawadi aliniambia kwa ishara nikae upande wa kulia. Sikio la kushoto walilipiga mpaka halisikii tena, na la kulia lilisikia mlio wa kengele juu ya kila neno. Majina hakuyatoa. Hilo lilijulikana bila yeye kulisema, kwa sababu wauguzi wa Katana na mwalimu wa Luvungi walikuwa bado wapo, wanaendelea kutupigia, na mpaka leo sina hakika kama waliwahi kuambiwa kwamba aliwaficha.

"Yule commandant ulimueleza vizuri," aliniambia. "Explication yako ya hospitali niliisikia kila siku. Daktari ni nani, daktari ni nani."

Aliweka mkono wake juu ya wangu. Nimeipima siku ile miaka yote hii, kwa uaminifu, na sikujikuta na kosa. Nilisema kweli kwa mtu aliyeuliza, kwa ajili ya rafiki. Aliyepaswa kuingia chumba kile na kusema "ni mimi niliwatuma" alikuwa amebaki ofisini akifuta miwani. Kuna watu wangependa nijilaumu ili lawama ipate mahali pa kulala. Sitaki.

Murhula alikuja kituoni siku moja asubuhi, shati limepigwa pasi. Papa Directeur hakumwingiza ofisini. Alizungumza naye kwenye korido, amesimama, mkono begani kwake, akamwambia kwamba mkataba umeisha wenyewe kwa sababu ya kutokuwapo kazini muda mrefu, kwamba ni sheria, kwamba yeye binafsi moyo unamuuma, na kwamba Mungu ana mipango. Alisema yote hayo kwenye sikio la kushoto. Murhula aliitikia kwa kichwa kila yule aliponyamaza. Kisha Papa Directeur akarudi ofisini kwake, akaacha mlango wazi kidogo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na sweta yake mkononi, iliyokuwa imebaki juu ya kiti tangu siku ile ya chai. Alikuja akaichukua. Alitazama ndani, akaiona mashine mpya juu ya meza ya saruji, nyeusi, yenye taa ndogo za kijani.

"Na ya mbele?" aliuliza. "Ilitoka ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akageuza sikio la kulia, akaweka kiganja nyuma yake. "Ongeza sauti, Nabintu. Kengele zinalia."

"Peke yake, hamsini!" nikapaza sauti. "Na ya mbele, mia tano! Zaidi ya mia tano! Haikuanguka!"

Taipu ya karani ilinyamaza. Nyuma ya kila ukuta wa triplex watu walinyamaza. Murhula alifumba macho akihesabu, midomo inacheza, kama nilivyokuja kumwona baadaye akifanya mbele ya ubao.

"Mara kumi," alisema, kwa ile sauti kubwa zaidi ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Uliacha vyote sawasawa? Réglage ni ile ile, hukugusa kitu?"

"Sikugusa kitu!"

"Basi ni kipimo kizuri."

Akavaa sweta, akashuka ngazi, akatoka langoni, akashika ukingo wa barabara upande ule ambao sikio lake zima lingesikia magari. Nilimtazama mpaka kona. Nilipogeuka, mlango wa ofisi ya Papa Directeur ulikuwa unafungwa kutoka ndani, polepole sana, na mtu aliyekuwa anashikilia kitasa ili usitoe kelele.